Mtu wa Kukata Maji

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu alinisimamisha nikitoka misa. Anataka nyumba ya wazazi wake ioshwe kabla wageni hawajaja kumposa dada yake, na amesikia kwamba maisha yangu yote nilifanya kazi ya maji ya presha kiwandani. "Papa Mwape," akaniuliza, "namna gani nitajua kama huyu fundi anajua kazi?" Tulikuwa kandokando ya barabara, malori ya mawe ya shaba yanatupaka vumbi, na mimi goti lilikuwa linaniuma. Nikamjibu kwa swali: nani atakata maji? Akanikodolea macho. Alikuwa anangoja nimtajie aina ya mashine.

Niliondoka nikijilaumu, kwa sababu jibu lile halikumsaidia kitu. Basi nawaandikia ninyi vijana wote wa Likasi ambao sasa mna nyumba, mna maduka, mna kamati za kanisa, na mnaita watu wa mashine kuosha kuta. Someni taratibu. Mzee akianza kusimulia hafuati barabara moja.

Nianze na kichekesho, maana baadaye hamtacheka sana. Jirani yangu mmoja alimwita fundi wa maji ya presha amwoshee nyumba na jiko la nje. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, haikuwa na shida. Jiko lilikuwa la matofali mabichi, udongo mtupu, limepakwa juu ngozi nyembamba ya saruji ili lipendeze. Kwa macho, ukuta ulikuwa uleule. Fundi akaanza juu, akashuka, na jiko nalo likashuka pamoja naye. Mama mkwe wa jirani yangu alikuwa ndani anakoroga bukari, ugali wetu. Alitoka na mwiko mkononi, tope mpaka kwenye nyusi, akauliza kama mvua imeanza. Mpaka leo tukipita pale tunacheka, lakini mama yule alipikia uani msimu mzima wa mvua.

Fundi mwenye kujua hawashi mashine kabla hajagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, huku na kule, asikilize. Udongo hujibu kwa sauti nzito, saruji kwa sauti kavu. Kisha atakuomba umwonyeshe kona ambayo watu hawaioni, nyuma ya choo au nyuma ya tangi, ajaribu hapo kwanza. Atakuuliza maji machafu yatakwenda wapi, kwako au kwa kisima cha jirani. Paa la zamani la kambi za wafanyakazi, zile bati za kijivu za asbesto, zisizo za chuma, atakataa kuliosha, hata ukimbembeleza, kwa kuwa vumbi lake ni ugonjwa wa mapafu. Yule anayekubali kila kitu upesi, mpe maji ya kunywa, msindikize mpaka njiani.

Hayo ni ya ukuta. Lakini ukuta ukiharibika hujengwa tena. Nilichotaka kuwaambia ni habari ya mtu.

Kiwandani kwetu mabomba yalikuwa yakijaa gamba gumu ndani, mpaka njia ya maji inakuwa nyembamba kama koo la mgonjwa. Tuliyafungua na kuyasafisha kwa maji yenye nguvu ya kukata ubao. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anashika bomba refu la kurushia maji, tulilokuwa tukiliita lansi. Wa pili anasimama kwenye pampu, mkono juu ya kibao cha kuzimia, na hana kazi nyingine ila kumtazama mwenzake na kukata maji. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Tangu ndevu zangu hazijaota vizuri mpaka zikawa nyeupe, nililipwa kwa kumtazama mwanamume mwingine. Wenzetu walikuwa wakiniita "muke ya Kalenga", na nilizoea, hata mke wangu mwenyewe akawa ananitania hivyo.

Kalenga ndiye aliyeshika lansi. Alikuwa mkubwa kwangu, mtu wa maneno machache, mabega mapana, na ndiye aliyenifundisha. Siku yangu ya kwanza alichukua kiatu cha zamani cha mpira, akakijaza kitambaa, akakiweka chini na kukipitishia maji mara moja tu. Akaniletea.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Kitundu kidogo," nikasema. "Sawa cha sindano."

Akakipasua kwa kisu. Ndani kitambaa chote kilikuwa kimechanwachanwa, kimelowa mpaka kwenye vidole. "Ngozi ni vile vile," akasema. "Inje unacheka, ndani inakwisha. Muntu akikuambia maji imemuguza kidogo tu, usimuamini. Mupeleke kwa munganga wa kupasua, hata kama iko anakataa."

Kelele ya pampu ilikuwa haimruhusu mtu kumsikia mwenzake, kwa hiyo tulisemezana kwa ishara. Kila jozi ya watu ilikuwa na ishara zake. Wengine waliinua mkono, wengine walitikisa kofia, wengine walipiga mguu chini. Tulizitunza kama mambo ya ndani ya nyumba, na tulijivuna nazo. Kalenga alikuwa akishika lansi kwa mkono wa kushoto nyuma, penye kifyatulio, na wa kulia mbele. Ishara yake ilikuwa kushusha kiwiko cha kushoto, basi. Hakuachia chochote, hakuinua chochote. Kiwiko kikishuka, mimi nakata. Watu wengine walikuwa hata hawakioni. Mimi nilikiona hata nikipiga chafya, na tulikuwa tukifanya kazi bila karipio la mkubwa yeyote.

Kisha mjomba wangu akafariki huko kijijini, Mulungwishi. Ninyi mliokulia mjini huenda hamjui uzito wa ndugu wa mama kwetu. Kilio cha mjomba, yaani matanga yake, hakikoswi. Niliomba ruhusa, nikapewa, nikaenda kukaa na ndugu zangu kwenye mikeka. Mahali pangu kwenye pampu akawekwa mwanamume mwingine, fundi mzuri, mzoefu kuliko mimi. Yeye na mwenzake wa siku zote walikuwa wakiinua mkono.

Nilisimuliwa niliporudi. Sakafu ilikuwa na utelezi, Kalenga akateleza, kiwiko kikashuka. Yule kwenye pampu alikuwa anamtazama vizuri kabisa, anangoja mkono uinuke. Lansi ikageuka, mkono wa kulia wa Kalenga ukapita mbele ya maji.

Kitundu kilikuwa kama cha sindano. Damu haikutoka ya kuonekana. Na yeye, aliyenipasulia kiatu, yeye mwenyewe alicheka! Akasema si kitu. Muuguzi wa zahanati ya kazini akamsafisha, akambandika plasta, akamrudisha. Mpaka jioni mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kwapa, na walipompeleka kwa daktari wa upasuaji kulikuwa na machache ya kuokoa. Vidole vitatu viliondolewa na vilivyobaki vikakauka. Nimelia kwa ajili ya mjomba wangu na kwa ajili ya mkono ule, na siwezi kuwaambia kilio kipi kilikuwa kikubwa.

Baada ya hapo mkubwa wa kazi akaamuru ishara iwe moja kwa watu wote, mkono juu. Ni amri nzuri. Ilipaswa kuwepo tangu zamani, ila sisi sote, kila jozi, tulipenda vya kwetu.

Mnajua desturi yetu: mtu mwenye mkono mchafu au uliolowa hakupi kiganja, anakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika hapo. Ni heshima ya watu wa kazi. Kalenga tangu siku ile alimpa kila mtu kifundo. Jumapili, amevaa koti safi, anatoka kanisani, anakupa kifundo. Wageni walidhani ametoka kulima bustani. Mkono wenyewe alikuwa akiuacha ndani ya mkono wa koti. Hakupenda kusimulia, na nyumbani kwake lilizungumzwa neno moja tu, ajali ya kazi, likafungwa hapo. Alifariki akiwa mzee, kwa ugonjwa mwingine, na nilikuwa miongoni mwa waliombeba.

Aliacha mtoto wa kiume, Trésor. Sasa ni mwanamume mwenye mke na mtoto. Alihangaika na kazi nyingi, akachimba madini, akauza mafuta ya kula, na mwishowe akanunua mashine ya presha ya petroli, akaanza kuosha magari na nyua. Tulipotangaza kanisani kwamba uso wa kanisa utaoshwa kabla ya upadrisho wa kijana wa parokia yetu, Trésor alikuja nyumbani kwangu. Mashine ilikuwa imefungwa nyuma ya baiskeli.

"Papa, nakuya kukulomba," akasema. "Bale ba mu comité banakusikilizaka weye. Ukisema ndiyo, kazi ni yangu. Na bantu bakiona kanisa imetakata, wataniita kila fasi."

Nilijua kwamba anasema kweli. Kazi ile ingemfungulia mlango. Nilimwambia aniletee mashine niitazame. Ilikuwa safi, imepakwa grisi mahali panapotakiwa. Lakini kwenye kifyatulio alikuwa amezungusha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, amekaza, ili maji yatoke yenyewe bila kidole kuchoka.

"Nani atakata maji?" nikamuuliza.

"Machine inajikata yenyewe, Papa. Ukiacha gâchette, maji inasimama."

"Na hii chambre à air?"

Akacheka kwa aibu. "Ah, ile... Kidole inachokaka, Papa. Bote banafanyaka vile."

"Unatumikaka na nani?"

"Minye peke yangu."

Nikamwuliza baba yake alimwambia nini juu ya mkono wake. "Accident ya kazi," akasema. "Njo ile tu. Mama naye hakusemaka kingine." Basi nikamkalisha, nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi: kilio cha mjomba wangu, utelezi, ishara ambayo mtu wa pampu hakuielewa, kitundu cha sindano, plasta. Habari ya kiwiko peke yake ndiyo niliyoiruka. Ilikuwa ya Kalenga na mimi, na nilikuwa bado naitunza, sijui kwa nini. Nilipomaliza nikamwambia kwamba sitasema ndiyo kwa mtu anayeosha peke yake na kifyatulio kilichofungwa.

Trésor alisimama.

"Weye ulikuwa mu kilio, Papa," akasema. "Ulikuwa mu kilio, baba akapoteza mukono. Sasa minye njo nilipe? Niko na muke, niko na mutoto, nilingojea hii chance, na unaniletea mambo ya zamani?"

Akaondoka akisukuma baiskeli, bila kuaga. Sikumwita. Maneno yake yalinichoma, na yaliendelea kunichoma nilipokuwa nakula, na nilipokuwa nasali pia. Niliogopa mambo mawili. Niliogopa kumnyima mtoto wa Kalenga mkate wake. Na niliogopa siku moja nimwone kanisani ananipa kifundo cha mkono.

Kamati ilipokutana, Trésor aliitwa, akakaa karibu na mlango asinitazame. Mama Clémentine, mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akanigeukia. "Papa Mwape, unasema nini juu ya huyu mutoto?"

"Nasema ndiyo," nikajibu. "Lakini ku pompe nitakuwa minye."

Wakacheka. Mama Clémentine akajifuta machozi. "Weye? Na ile goti yako? Utasimama namna gani?"

"Nitaikala. Kukata maji hailombe magoti, inalomba macho."

Trésor akainua kichwa. Akaniangalia, na katika uso ule nilimwona baba yake, jinsi alivyokuwa akinitazama kabla ya kuwasha pampu, kuhakikisha kwamba nipo.

Siku ya kazi alifika mapema. Kile kipande cha mpira kilikuwa nyuma ya baiskeli, kimefunga ndoo. Alinipa kiti cha plastiki, akakiweka kando ya mashine, swichi ya kuzima injini karibu na kiganja changu, mahali ambapo ningeona mikono yake yote miwili, na sikumwonyesha mimi, alipachagua mwenyewe. Tuligonga ukuta. Tukajaribu nyuma ya sakristia, kwa ncha ile inayotawanya maji kama feni, kwa sababu matofali ya kanisa letu ni ya zamani na chokaa iliyoyashika, chokaa ya machimbo ya Kakontwe, ni laini. Alipaka sabuni kutoka chini kwenda juu ili isiache michirizi, kisha akasuuza kutoka juu kwenda chini. Alikaa mbali na ukuta. Mama Clémentine alitaka kupita katikati yetu na sufuria ya chai, nikamfokea. Akakasirika, akazunguka. Mchana mzima hakunipa chai.

"Ishara ni moja," nilikuwa nimemwambia Trésor. "Mukono juu. Hakuna ingine."

"Mukono juu," akarudia.

Ukuta ulianza kutoa rangi yake. Chini ya vumbi la miaka yote, jekundu la barabara na jeupe la machimbo, tofali likatokea, waridi kama lilivyokuwa nilipobatizwa. Watu walisimama kuangalia. Mimi sikuangalia ukuta. Niliangalia mikono: kushoto nyuma, kulia mbele, kama baba yake.

Trésor alikuwa anamalizia ngazi za mbele. Sabuni ilikuwa imekusanyika pale, na nilikuwa nafungua mdomo kumwonya aisukume kwa fagio kwanza, nikijua hatanisikia. Mguu ukateleza.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapokosea. Mnadhani mtu akiteleza ataachia kifyatulio na maji yatasimama. Hapana. Mtu anayeanguka haachii, anakaza. Vidole vya Trésor vilikaza. Mkono wake haukuinuka juu, wala haukukumbuka kwamba tulikubaliana uinuke.

Kiwiko cha kushoto kikashuka.

Mkono wangu ulikata maji kabla mimi sijafikiri. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Trésor akaanguka mbele, lansi ikageuka, mkono wake wa kulia ukapita mbele ya ncha, karibu kabisa, nikaona maji machache yakidondoka juu ya vidole vyake, maji ya kawaida, ya kunawia uso.

Mama Clémentine alikuwa ameshika kichwa. Mimi nilibaki kwenye kiti cha plastiki na kidole juu ya swichi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kitu ambacho sikukielewa maisha yangu yote. Nilikuwa nikidhani kwamba ile ishara Kalenga aliitunga, kwamba ilikuwa siri yetu. Hakutunga chochote. Mwili unaoanguka na lansi mkononi hushusha kiwiko, mwili wowote. Yeye aliujua mwili wake, akanifundisha kuutazama. Laiti tungewafundisha wote.

Kwa hiyo ukimwita fundi, usiulize tu kuhusu mashine. Muulize nani atakata maji. Akikuambia yuko peke yake, usimpe kazi, au mtafutie mtu mwenye macho. Huyo wa pampu mwambie aangalie mkono juu, na aangalie kiwiko pia. Na mtu akiguswa na maji, hata akicheka, hata akikuapia kwamba si kitu, hospitali, kwa daktari wa upasuaji, saa ileile, na umwambie daktari kwamba ni maji ya presha.

Trésor aliinuka. Suruali ilikuwa imechanika gotini. Akatazama ncha ya lansi, akatazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. Kisha akaja mpaka kwenye kiti changu.

"Papa, sikuinua mukono," akasema. "Uliona nini?"

"Nilimuona baba yako."

Mikono ya Trésor ilikuwa na sabuni na tope, basi akafanya kama tulivyolelewa, akakunja vidole na kunipa kifundo cha mkono.

"Hapana," nikamwambia. "Nipe mukono yote."

Akaufungua. Nikaushika na tope lake, kiganja na vidole vyote vitano, na nikakaa nimeushika.